Zaina, Sijahama Barazani kwa Nasoro

Mwanangu Zaina, kifungua mimba wangu,

Kwanza niambie kifua. Hiyo baridi ya Njombe naisikia mpaka huku Mlandizi, nikilala nawaza kama umejifunika. Na mjukuu wangu je, anavaa soksi? Usimwogeshe asubuhi. Najua wewe ni mwalimu na mimi nimesoma ngumbaru ya watu wazima tu, tena darasa lenyewe nilikuwa nalikimbia kwenda kugeuza vitumbua, lakini mtoto wa watu wa pwani haogeshwi asubuhi mahali penye ukungu. Haya, hilo limekwisha.

Barua yako imefika. Nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu. Umeandika kwa adabu, umeanza na shikamoo, umeniuliza mguu wangu, halafu ndipo ukatoa kisu: "Mama, nimeambiwa ulilala shimoni mbele ya watu. Mama, tafadhali acha. Watu wanatucheka. Funga vitu vyako uje ukae na sisi." Nikakaa chini. Nikacheka kidogo. Halafu nikalia kidogo. Halafu nikaenda kuloweka mchele, maana kulia hakulowanishi mchele.

Sasa nakujibu, na bahasha sitaigundisha. Bi Tatu, yule muuza mihogo mwenzangu wa siku zote, amenikataza. "Mama Zaina, barua ya mzazi kwa mwanawe hufungwa." Nikamwambia ya nini kufunga, habari yenyewe imeshaonwa na basi zima la Morogoro? Aisome atakayeisoma. Karani wa posta asome. Mumeo asome, tena umsomee kwa sauti.

Unalikumbuka lile baraza, mwanangu? Nakuuliza kweli, kwa sababu barua yako imeandikwa kama vile unazungumzia kibanda cha kuku. Safu yote ile ya maduka chini ya bati moja, inatazama barabara kuu, na baraza refu mbele yake, sakafu imeng'aa kwa kukaliwa na watu. Mlango wa kwanza vitambaa, wa pili nafaka, wa tatu mafuta ya taa na misumari, wa mwisho hoteli ya chai. Yote ya Mzee Nasoro, Mwarabu yule mwenye tumbo na kikohozi. Mimi na jiko langu kwenye nguzo ya mlango wa vitambaa, Bi Tatu na mihogo yake pembeni, fundi cherehani katikati. Pembeni mwa duka kile kichochoro cha kwenda msikitini na sokoni, tulikokuwa tunapita hata na mizigo kichwani bila kugusana.

Wewe ulilelewa pale. Nilikuwa nakulaza juu ya gunia la chumvi nyuma ya meza, nakufunika upande wa kanga usiungue na cheche. Ulipoanza shule, ukawa ndiye msomaji wa baraza zima. Wanawake wa Magindu walikuwa wanashuka na samli yao, wa Kurui kwetu wanakuja na machungwa, wakishauza wanataka kanga, lakini kanga bila kujua imeandikwa nini utaivaaje? Unaweza kuvaa tusi ukaenda nalo harusini. Basi wanaita, "Zaina! Hebu njoo mama, hii inasemaje?" Nawe unasimama wima kama askari, unasoma kwa sauti mpaka barabarani wanasikia.

Unamkumbuka yule bibi harusi wa Magindu aliyetaka kumnunulia mama mkwe wake kanga nyekundu? Mzee Nasoro ameshaikunja, ameshaifunga kwa uzi, amenyoosha mkono apokee. Bibi harusi akasema, "Hebu mtoto asome kwanza." Ukafungua ncha ukasoma: "Mkwe wangu mdomo juu, ukweni sitii mguu." Baraza lilianguka! Bi Tatu alimwaga mihogo. Yule msichana alikimbia na hela yake mkononi, na Mzee Nasoro akashika kichwa: "Huyu mtoto atanifilisi, wallahi! Mama Zaina, mpeleke akasomee mbali!" Na kweli ulisomea mbali. Lakini ualimu wako ulianzia pale, si kule chuoni.

Na siku ya Uhuru je? Baba yako alikupandisha mabegani pale pale barazani, ukawa unapunga bendera ya karatasi, na Mzee Nasoro anagawa halua bure, jambo ambalo hatukuliona kabla wala baada. Akina mama tulicheza mpaka sakafu ikapata ufa. Baba yako akasema, "Chezeni, sasa hata ufa ni wetu." Alikuwa mtu wa maneno yule. Mungu amrehemu.

Nimefika kwa baba yako kwa makusudi, maana bila msiba wake huwezi kuelewa nilichofanya.

Unamkumbuka Maganga siku ya mazishi. Ndio kwanza alikuwa ameletwa kutoka Tabora kuwa karani wa korosho wa chama cha ushirika, kijana Mnyamwezi, mwembamba, viatu vikubwa. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na mtani akiingia msibani ana kazi yake. Maiti iko ndani, wewe umejikunyata kwangu, watu wanalia, mara anatoka chumbani Maganga amevaa kofia ya baba yako na kanzu ya baba yako, anatembea kwa kuchechemea vile vile kama baba yako, anakohoa vile vile, anauliza, "Mama Zaina, chai yangu iko wapi? Mbona mmejaza nyumba?" Wewe ulitaka kumrukia. Ulisema, "Mama, mfukuze!" Nikakushika mkono. Nikakwambia, "Mwache, ndiyo kazi yake. Siku kama hii hakuna mwingine anayeruhusiwa kutuchekesha." Na alipolala kizingitini jeneza lisitoke, ukacheka, mwanangu. Ulicheka na machozi yanatiririka, na hapo ndipo nilipojua kwamba utaishi.

Wanaume waliporudi makaburini wakatusimulia mengine. Kaburi lilikuwa tayari, Maganga akaruka ndani, akalala chali, akasema, "Huyu hafukiwi! Alikuwa mtumwa wangu, nani kawapa ruhusa? Nilipeni ndipo nitoke." Wamembembeleza, wamemtukana, mpaka wakamwahidi jogoo. Ndipo akatoka akajipangusa, akashika jembe, na wanasema alifukia kwa bidii kuliko ndugu wa damu. Mila ndiyo hiyo. Mtani akilala shimoni hatolewi kwa nguvu. Anakombolewa.

Basi kuanzia hapo Maganga akawa mtani wangu wa kila siku. Asubuhi anapita kwenda kazini, lazima aanze: "Mzaramo wewe, umeamkaje leo bila kupigiwa ngoma?" Nami namjibu, "Pita huko, mpagazi! Babu zako walifika pwani na meno ya tembo kichwani, wewe umefika na viatu tu." Akichelewa mshahara nampa kitumbua cha bure na tusi juu yake. Aliniambia siku moja kwamba bila matusi yangu angerudi Tabora. Nilimwambia rudi, katafune michembe, viazi vimekauka vinakungoja. Akacheka, akala cha pili.

Halafu mambo yakabadilika kwa haraka, na mengine wewe uliyakuta ulipokuja likizo. Amri ilikuja kwamba maduka ya watu binafsi yafungwe, liwepo duka moja la kijiji. Mzee Nasoro alikabidhi funguo zote kwenye kamba moja. Alikuja kwenye jiko langu akanywa chai amesimama, akasema, "Mama Zaina, mimi nakwenda kwa mwanangu Tanga. Hili baraza lilinishinda kufagia, wewe ndiye uliyelifagia miaka yote. Lifagie." Kikohozi kilimzidi.

Usije ukadhani mama yako anaupinga ujamaa. Thubutu! Shamba la kijiji nimelima, jembe langu wanalijua, na pale wengine walipokuwa wanajificha vichakani mimi nilikuwa mstari wa mbele naimba. Duka liwe la wote, sawa, nilipiga vigelegele. Wakabomoa kuta za ndani, mlango ukawa mmoja, wakatia na nondo za chuma. Maganga akafanywa meneja. Kikawa kitu kikubwa hasa, ukiingia sauti yako inakurudia. Inakurudia kwa sababu hamna kitu, mwanangu. Leo pana pilipili manga, kesho pana majembe yasiyo na mipini. Sukari ikija inakuja na foleni yake kutoka mbali kama vile foleni ndiyo iliyonunuliwa.

Wakaziba kichochoro, ati lori lipate pa kugeuzia. Sasa wanawake wakienda sokoni wanazunguka kupitia nyuma ya mashine ya kusaga, na mizigo yao, na watoto mgongoni. Hatukusema. Fundi cherehani akaambiwa ahamishe mashine yake, akahama. Hatukusema. Wakajenga vibanda vipya kule uwanjani, mbali na barabara, hakuna basi linalosimama, hakuna kivuli, wakasema wauzaji wadogo wote waende kule. Wengine wakaenda. Wanauziana wao kwa wao.

Na hapa ndipo Maganga alipokosea, na mimi nikakosea naye, kwa sababu ya utani wetu.

Alhamisi moja alikuja barazani mapema, uso umemlegea. Nikamwanza, "Umeota mizigo nini?" Akajibu, "Mzaramo, jifurahishe leo. Jumatatu nakuja na mafundi kulizungushia ukuta baraza hili liwe ghala. Usipohama nitakujengea humo humo na vitumbua vyako." Baraza likaangua kicheko. Nikamwambia, "Njoo! Njoo na mkeo, nimwoe mimi, wewe ukae ghalani na pilipili zako." Bi Tatu akaongeza, "Na mimi mnijengee dirisha, nisikose kuona msafara wa wapagazi." Watu walicheka mpaka dereva wa basi akapiga honi. Maganga naye alicheka. Sasa nikikumbuka, alicheka kwa meno tu. Akachukua kitumbua, hakukimaliza, akaondoka.

Kumbe, mwanangu, yule alikuwa hatanii. Barua ya wilaya alikuwa nayo mfukoni. Alishindwa kuniambia macho kwa macho, akaona aniambie kwa mlango wa utani ili ajifariji kwamba ameniambia. Nami ningejuaje? Miaka yote ile hajawahi kuniambia neno moja la kweli kabla ya saa nne asubuhi!

Jumatatu nafika na beseni langu kichwani, unga umeumuka vizuri, iliki inanukia. Nakuta meza yangu imesimamishwa barabarani, jiko limepinduliwa, na ukingoni mwa baraza wamechimba msingi kutoka nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho. Udongo mwekundu umemwagwa pale ulipokuwa unalala. Mafundi wanachanganya zege. Bi Tatu amekaa kando ya ungo wake, mihogo hajaifunua.

Maganga akatoka dukani. Nikamuuliza, "Hii ni nini?"

"Nilikwambia Alhamisi, mama."

Mama! Hajawahi kuniita mama.

Nikasema, "Uliniambia kwa utani."

"Sikuwa natania."

"Ulicheka!"

"Na wewe ulicheka."

"Mimi nilicheka kwa sababu wewe ni mtani wangu. Wewe ulicheka kwa sababu ulikuwa unanificha shoka. Maganga, baba Zaina ulimzika wewe. Ulivaa kanzu yake. Siku ile ulinichekesha nikiwa nimekufa nusu. Leo unautumia mdomo ule ule kunitupa barabarani?"

Akatazama viatu vyake. Akasema kwa sauti ya chini, "Ramani imetoka wilayani. Mimi nifanyeje?"

Mkuu wa mafundi, mtu wa kuja, hatumjui, akapaza sauti: "Meneja, zege haliwezi kungoja hadithi! Mama, pisha, saruji itakauka."

Zaina, nakuapia sikupanga. Umeniuliza kwenye barua, "Mama, ulikuwa umefikiria nini?" Sikufikiria kitu. Nililitua beseni, nikamkabidhi Bi Tatu. Nikavua ndara. Nikatandika kanga yangu ya juu ndani ya msingi, nikashuka, mguu wenyewe unauma, nikalala chali. Udongo ulikuwa baridi na mbichi. Juu naona bati la Nasoro na vichwa vya watu vimenizunguka.

Nikasema, "Sifukiwi! Nilipeni ndipo nitoke."

Bi Tatu, Mungu amweke, akaelewa kabla ya wote. Akajifunga kanga kichwani, akapiga ukelele wa msiba: "Uwiii, Mama Zaina wetu! Katuachia nani vitumbua!" Akina mama wakadakia. Huyu analia, huyu anacheka, mwingine anauliza, "Marehemu alikuwa anadai kwa nani?" Foleni ya sukari ikavunjika, wote wakaja kwenye shimo. Basi la Morogoro likasimama, abiria wakatoa vichwa madirishani. Hapo ndipo habari ulizozipata zilipopandia basi.

Sasa unasema watu wanatucheka. Ndiyo, walicheka! Mimi ndiye niliyewachekesha. Anayechekwa ni yule aliyeanguka, mimi sikuanguka, nililala. Na wewe ni Mzaramo, Zaina, hata ukivaa sweta la Njombe. Usijifanye hujui tofauti.

Mkuu wa mafundi akasema, "Iteni mgambo." Maganga akageuka kama aliyeumwa na nyuki. "Mgambo wa nini? Huyu ni mtani wangu. Mtani hatolewi na mgambo." Akachuchumaa ukingoni. Jasho linamtoka. "Mzaramo, toka, utaugua mgongo. Unataka jogoo?"

"Jogoo kampe mkeo."

"Shilingi?"

"Shilingi nunulia bidhaa, duka lako lina mwangwi."

Watu wakaanguka. Akangoja kicheko kiishe, akaniuliza polepole, "Sasa unataka nini?"

Nikamwambia, na hili nataka ulisome mara mbili: "Nataka baraza. Si langu peke yangu. Nataka mama wa Kurui akishuka na mtoto mgonjwa apate kivuli akingoja gari. Nataka mzee wa Magindu apate pa kuwekea samli yake isiyeyuke juani. Jengeni duka, jengeni ghala, jengeni hata ghorofa ndani humo, lakini ukuta huu rudisheni nyuma. Mnatufundisha tukae kijamaa. Hapa ndipo tulipokuwa tunakaa kijamaa kabla hamjatuletea neno lenyewe. Mkipaziba mtaweka nini? Mtafungia hewa?"

"Sina uwezo huo," akasema. "Mpaka kamati ikae."

"Basi nifukieni. Kamati ikishakaa mnifukue."

Unajua alichofanya? Alivua viatu vyake vikubwa akavipanga vizuri ukingoni. Akakunja suruali. Akashuka, akalala upande wa pili, kichwa chake kwenye kichwa changu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Haya fundi, tufukie wote. Mcheza ngoma na mpagazi. Juu yake andika: hapa wamelala watani wawili, mmoja mnene." Nikamwambia, "Mnene ni mkeo." Zaina, nilicheka mle shimoni mpaka mbavu zikaniuma. Alinong'ona, "Nisamehe. Niliogopa kukwambia." Nikamjibu, "Siku nyingine ukiogopa, ogopa waziwazi." Ndiyo yaliyopita kati yetu. Wengine hawakuyasikia, nakuambia wewe.

Mkuu wa mafundi alizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Saruji yenyewe unajua inavyopatikana, ya kuombea mihuri. Mifuko imeshafunguliwa, zege limeshachanganywa, linaanza kushika. Akalia, "Jamani, hili zege nilipeleke wapi?" Na wale vijana wake, ambao nao walikuwa wamekula vitumbua vyangu tangu wakiwa wafupi, wakaangalia sakafu ya baraza iliyopasuka kila mahali. Mmoja akasema, "Fundi, tuzibe nyufa." Akaguna, akatukana, akasema sawa, afadhali kuliko kumwaga. Basi zege la ukuta likaenda sakafuni. Wamelisawazisha kwa ubao, wamelipiga rangi ya udongo, zuri kweli. Hata ule ufa wa siku ya Uhuru umezibwa. Huo uliniuma kidogo, sisemi uongo.

Sisi tukatoka shimoni. Bi Tatu akamdai Maganga sanda. Nikawasha jiko, unga ulikuwa umeumuka kupita kiasi, vitumbua vikatoka vichachu, na vyote vikaisha.

Hayo ndiyo uliyoambiwa kwa ufupi kwamba mama yako alilala shimoni.

Sasa nikueleze palipofikia, nisikufiche, maana najua utaamka usiku kuwaza kama ninavyoamka mimi. Kamati ilikaa. Maganga alitusemea, namshuhudia, aliongea mpaka akakauka koo. Lakini wakubwa wamesema ramani ni ramani, ukuta utajengwa pale pale ilipoandikwa. Safari hii alikuja kuniambia mwenyewe, amesimama, hana kicheko, mikono nyuma. "Mama Zaina, wamekataa. Saruji nyingine imeombwa. Ikija tutaanza upya. Nimekwambia kweli." Nikamshukuru kwa kuniambia kweli. Nikampa chai. Halafu nikamwambia jibu langu, nalo ndilo jibu lako pia.

Mwanangu, nyumba yako ni nzuri, najua. Umeniandikia nitapata chumba chenye dirisha, nitakaa nimpakate mjukuu. Natamani, sikatai. Usiku mwingine mikono yangu inamtafuta kitandani, naye sijamshika ila mara moja. Nitakuja kumwona, nitakaa mwezi, nitamfundisha kusema shikamoo kama mtu. Lakini nitakuja kwa kutaka, si kwa kufukuzwa. Ukinichukua leo, kule utakuwa umehifadhi bibi mmoja aliyekimbia, na huku akina mama wote watakaa juani wakisema hata Mama Zaina ameondoka. Naogopa, usidhani siogopi. Mgambo naogopa, mguu unaniuma, na usiku nikisikia lori linapunguza mwendo roho inaruka. Naogopa na nimekaa. Yote mawili yanawezekana.

Wala usinitafutie huruma kwa mtu wa wilayani uliyesoma naye, usimwandikie. Nataka wakija wanikute mimi, si karatasi yangu.

Bi Tatu amerudisha ungo wake. Fundi cherehani amesikia, jana amerejea na mashine yake, ameiweka juu ya sakafu mpya, anasema haitingishiki tena. Mama mmoja wa Kurui alinyonyesha mtoto wake pale asubuhi nzima akingoja gari, hakuna aliyemwambia pisha. Hatujashinda. Ila kila asubuhi ambayo saruji haijafika ni yetu, na asubuhi hizo zinaanza kuwa nyingi.

Mfunike mtoto. Msalimie mumeo, mwambie mama mkwe wake ni mzima na hajachanganyikiwa. Na ukiulizwa huko shuleni na yeyote, "Mwalimu, ni kweli yule wa Mlandizi ni mama yako?" usiangalie chini. Sema ndiye.

Kesho alfajiri niko palepale. Saruji ikija, itanikuta nimekaa.

Ni mimi mama yako,
aliyekuzaa na hajahama.